Samoa na marafiki: kila ufuo una mwenyewe

Watu wakiniuliza kuhusu safari yetu ya Samoa huanza na bei ya tiketi. Tiketi ukiivizia mapema inalipika, na kutoka Auckland ni safari ambayo haitimii saa nne angani. Kilichotutoa jasho ni mambo ambayo hakuna anayeyaweka kwenye picha zake: nani anashika fedha, Jumapili mtakula nini, na kwa nini vijana waliofunga shuka kiunoni wamesimama kando ya barabara jioni wakiwazuia msipite. Nayaandika kwa ajili ya anayepanga kwenda na wenzake, hasa Mswahili mwenzangu aliyeko New Zealand au Australia, ambako visiwa vya Pasifiki viko mlangoni na nauli ya kwenda Mombasa au Dar inakomba akiba ya mwaka mzima.

Tulikuwa wanne. Mimi ni mtu wa Tanga. Alikuwepo dada mmoja wa Bujumbura, kaka mmoja Mkisii ambaye ni Msabato wa kufa na kupona, na jamaa wa Lubumbashi aliyetutangazia tangu mwanzo kwamba yeye haendi kutembea, anaenda kulala. Sote tunazungumza Kiswahili, ingawa si Kiswahili kimoja. Wazo lilitoka kazini kwangu, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, ambako wenzangu wengi ni Wasamoa na kila mwaka mmoja wao hurudi kwao na kutuletea kakao nyeusi.

Nianze na jambo lililobaki kidogo tu litugharimu. Dada wa Bujumbura, ambaye ndiye aliyekuwa akitafuta malazi, alipata nyumba kando ya bahari kwa bei ya kutupa. Alikuwa ameshashika kadi mkononi. Nikamwonyesha mama mmoja wa Kisamoa kazini, akaangalia simu, akacheka: nyumba ilikuwa Pago Pago. Pago Pago iko American Samoa, ambayo ni ya Marekani na ina masharti yake ya kuingia. Sisi tiketi zetu zilikuwa za Apia, mji mkuu wa Samoa iliyo huru. Visiwa hivyo ni majirani kabisa, lakini katikati yao unapita mstari wa tarehe. Mwishoni mwa 2011 Samoa iliamua kuhamia upande wa New Zealand na Australia, ambako biashara yake kubwa iko. Watu walilala Alhamisi tarehe 29 Desemba wakaamka Jumamosi tarehe 31. Ijumaa hiyo hawakuwa nayo. Tangu hapo Apia na Pago Pago zinapishana siku nzima. Kwa hiyo ukitafuta malazi usiandike Samoa peke yake. Tafuta kwa jina la kisiwa: Upolu, kilicho na Apia na uwanja wa ndege wa Faleolo, au Savai'i, kikubwa zaidi na chenye watu wachache. Na hadithi ya mstari huo iwekeni akilini, kwa maana itarudi.

Karatasi hazikutusumbua upande wa Samoa. Kibali cha mgeni hupewa unapofika, mradi una pasi isiyokaribia kuisha (wanataka miezi sita) na tiketi ya kurudi. Kinachowakwamisha watu kama sisi ni mlango wa kurudia. Mwenye visa ya kazi au ya masomo ya New Zealand aangalie kama inamruhusu kutoka na kuingia tena. Mwenye ukaazi naye aangalie tarehe ya masharti ya kusafiri, maana ukaazi na ruhusa ya kurudi si kitu kimoja. Mkisii wetu aligundua yake imebakiza majuma machache. Alilala vibaya siku kadhaa mpaka mambo yalipokaa sawa.

Tulikwenda mwezi wa nane, wakati wa kiangazi chao. Kuanzia Novemba mpaka Aprili ni msimu wa mvua na vimbunga. Bei hushuka, lakini mimi singejaribu.

Sasa fedha. Sisi tunaoneana haya kudaiana, basi tulianza kwa ule mtindo wa leo nalipa mimi, kesho utalipa wewe. Usiku wa kwanza Apia jamaa wa Lubumbashi alilipia chakula cha wote, pamoja na bia ambazo wawili kati yetu hatunywi. Amana ya gari la kukodi ikazuiliwa kwenye kadi ya dada wa Bujumbura. Mafuta nikalipa mimi. Mkisii akalipia viingilio vidogo vidogo ambavyo hakuna aliyeviandika. Tulipofika pwani ya kusini hakuna aliyejua anadai nini wala anadaiwa nini, ila kila mmoja alikuwa na hakika kwamba ametoa zaidi ya wenzake. Ugomvi ukalipuka juu ya sahani ya samaki. Dada alileta daftari, na jamaa akasema kwa Kiswahili chao, "Miye nilikuya kupumuzika, hapana kuhesabu makuta!" Makuta kwao ni fedha. Dada akafunga daftari, akaenda kulala bila kumaliza kula.

Asubuhi yake ndipo tulipofanya jambo ambalo lingefaa kufanywa Auckland. Kila mmoja alitoa kiasi kilekile cha tala, fedha ya Samoa, fedha zikawekwa kwenye mfuko mmoja, dada akawa mshika fedha. Gari, mafuta, feri, viingilio na chakula cha pamoja vinatoka humo. Vinywaji na zawadi ni vya mtu binafsi. Mfuko ukikaribia kuisha, kila mtu anaongeza sawa. Kelele zikaisha palepale, nami nasema kwa moyo mweupe kwamba bila mfuko ule urafiki wa wawili kati yetu ungebaki Lalomanu, kijiji cha pwani hiyo tulikolala. Amueni pia nani hasa atakuwa mshika fedha. Mkarimu kuliko wote hafai kazi hiyo.

Zichukueni fedha taslimu mkiwa bado Apia, na ombeni noti ndogo. Wakati wetu dola ya New Zealand ilitupa tala moja na nusu na ushei. Ukishatoka mjini, mashine za fedha ni chache na vijiji havina kadi, na karibu kila unapotaka kuogelea kuna mtu wa kumlipa. Tala 5, tala 10, mara kwa kichwa, mara kwa gari zima. Jamaa wa Lubumbashi alichukia sana. Alisema bahari ni ya Mungu. Lakini sehemu kubwa ya ardhi ya Samoa, takribani asilimia 80, ni ya koo, chini ya wakuu wanaoitwa matai. Mtu wa nje hawezi kuinunua. Ufuo una ukoo wake, chemchemi ina kijiji chake, na lile shimo maarufu la To Sua kule Lotofaga, ambako unashuka ngazi ndefu ya mbao mpaka kwenye maji ya bahari yaliyo chini kabisa, nalo lina wenyewe waliopanda maua na kuyatunza. Mimi sikuona ubaya. Pwani yetu tumezoea kinyume chake: hoteli inazungusha ukuta, na mvuvi aliyezaliwa hapo ndiye anayeulizwa anapita kwenda wapi. Heri nimlipe bibi aliyekaa chini ya mti na kopo lake. Ila hakikisha unayemlipa ni mwenyewe. Mara moja tulilipa kwa vijana barabarani, na mbele kidogo tukamkuta mwenye ufuo halisi akitusubiri.

Malazi yetu mengi yalikuwa ya fale za ufukweni. Fale ni banda lisilo na kuta: nguzo, paa, sakafu iliyoinuliwa, godoro, chandarua, na mapazia ya makuti yaliyosukwa ambayo unayashusha mvua ikija. Tulilipa kati ya tala 80 na 120 kwa kichwa kwa usiku, pamoja na chakula cha asubuhi na cha jioni, ambacho huliwa mezani na wageni wote kwa saa moja maalumu. Ukichelewa umechelewa. Unaamka maji yako hatua chache kutoka miguuni. Ila hakuna siri: mkoromo wa mtu wa Lubumbashi ulifika fale ya tatu. Leteni vizibio vya masikio, tochi, na kifuko cha pasi na fedha unacholala nacho. Malaria Samoa hakuna, na sisi tuliokulia kwenye vyandarua tulifurahi kupita kiasi tukasahau kwamba homa ya dengue ipo, na mbu wake anauma mchana kweupe. Dawa ya kujipaka ni ya asubuhi, si ya magharibi peke yake.

Kuhusu magharibi: karibu na kutua kwa jua, kijiji hupiga kengele au baragumu la kombe. Hiyo ni sa, saa ya sala ya nyumbani. Kwa dakika kumi au ishirini hakuna anayetembea wala kuendesha gari, na vijana wa kijiji husimama kando ya barabara kuangalia. Sisi ilitukuta njiani. Mkisii akapunguza mwendo akidhani ni kizuizi cha polisi, mkono tayari mfukoni kutafuta leseni. Kijana akaonyesha kwa kiganja: zima gari, tulieni. Tukakaa na madirisha wazi tukisikiliza nyimbo zikitoka nyumba hii na ile. Kengele ilipolia tena, kijana akatupungia tupite. Panga safari ili jua likuchwe ukiwa umeshafika.

Adabu nyingine hazitamshinda mtu wa pwani. Ukitoka ufuoni jifunge. Mimi na dada tulitembea na kanga zetu na hakuna aliyetukodolea macho, maana nao wanaume kwa wanawake wanajifunga lavalava. Ukipita mbele ya watu waliokaa unainama kidogo na kusema "tulou". Ukikaribishwa ndani ya fale unakaa chini, na nyayo huelekezi watu. Jamaa wa Lubumbashi, kwa yote niliyomsema hapa, ndiye aliyekuwa hodari kuliko sote kwa hili, wazee walimpenda.

Kisha Jumamosi ikafika, na mstari wa tarehe ukaturudia. Mkisii aliamka akaoga, akavaa suti aliyoibeba kutoka Auckland, akaendesha gari mpaka kanisa la Wasabato tuliloliona njiani. Limefungwa. Uani kijana anafyeka majani. Kufyeka majani siku ya Sabato! Akarudi amevurugikiwa. Baadaye tulielezwa: Samoa ilipoiruka ile Ijumaa ya 2011, kanisa la Wasabato kule liliona kwamba siku ya saba, ukiihesabu bila kukatiza, sasa inaangukia siku iliyopewa jina la Jumapili. Basi wao wanasali Jumapili, ingawa vipo vikundi vilivyojitenga vikabaki na Jumamosi. Kaka akampigia simu mchungaji wake Auckland, wakazungumza kwa muda mrefu sana, na mwisho akaamua kuzishika siku zote mbili ili asikosee. Nilimheshimu kwa hilo. Shida ni kwamba kwenye mkataba wa gari aliandikwa dereva mmoja tu, yeye. Mwisho wa juma wote gari likaegeshwa chini ya mnazi.

Kwa hiyo kabla ya kupanga ratiba, kila mtu aseme siku zake, ibada zake na asichokula. Na andikisheni madereva wawili. Leseni yako ya nje peke yake haitoshi. Kuna ya muda ambayo wenye magari wengi hukupatia palepale kwa malipo. Wanaendesha kushoto kama kwetu, jambo ambalo nalo lina historia: walihama kutoka kulia tarehe 7 Septemba 2009, ili waweze kuletewa magari ya bei nafuu na ndugu zao wa New Zealand na Australia. Endesha taratibu, kwa ajili ya nguruwe, watoto na mbwa.

Jumapili tuliyoegeshwa ikawa siku nzuri kuliko zote. Maduka mengi yamefungwa, vijiji vingine havitaki mtu aogelee, watu wote wamevaa nyeupe wanakwenda kanisani. Asiyejua hushinda na njaa na kinyongo. Sisi tulikuwa tumemuuliza mwenyeji tangu mapema, akatukaribisha kwenye to'ona'i, mlo mkubwa wa baada ya ibada. Mimi ni Mwislamu, basi nilibaki nyuma nikaenda kule walikokuwa vijana tangu alfajiri wakiandaa umu. Wanachoma mawe mpaka yawe mekundu, wanapanga chakula juu yake, wanafunika kwa majani ya mgomba. Kulikuwa na magimbi, kulikuwa na shelisheli, kulikuwa na samaki. Na kijana mmoja alikuwa amekaa juu ya kigoda chenye chuma cha meno, anakuna nazi. Nikamwomba kiti. Mtu wa Tanga umpe mbuzi ya kukunia halafu umwambie ni mgeni! Nilikuna nazi kadhaa huku wakinishangilia, kisha wakanionyesha wanavyokamua: badala ya kifumbu wanatumia tita la nyuzi za gome la mti, na tui linatoka zito. Tui hilo wanalifunga ndani ya majani machanga ya magimbi, wanaoka, wanaita palusami. Nilikula mpaka dada akanifinya.

Nguruwe naye alikuwepo, katikati ya mawe. Kwa bahati nasi wawili hatumli, Mwislamu na Msabato, na tulikuwa tumesema mapema. Chetu kilifungwa kwenye majani yake na kuwekwa pembeni. Palusami nyingine huwekwa nyama ya kopo, kwa hiyo uliza. Wakati wa kuondoka tuliacha bahasha kutoka kwenye mfuko. Hawakuomba, lakini mlo ule si sehemu ya bei ya fale.

Hapo Lalomanu kuna alama za njia ya kukimbilia mlimani. Tarehe 29 Septemba 2009 tetemeko chini ya bahari lilileta tsunami iliyofagia pwani hii ya kusini mashariki; nchini Samoa walikufa zaidi ya watu 140. Fale tulizolalia zilijengwa upya baada ya hapo. Mwenyeji alitupitisha njia ile jioni ya kwanza, akatuambia ardhi ikitikisika kwa nguvu msingoje king'ora wala msifuate viatu. Usipoonyeshwa, omba uonyeshwe.

Savai'i tulikwenda kwa feri kutoka Mulifanua, bandari ya Upolu, zaidi kidogo ya saa moja majini. Nafasi ya gari iwekwe mapema, na muulize mwenye gari kama anaruhusu livuke, maana si wote. Kabla ya kupanda, gari linapuliziwa maji chini, bure, kuzuia konokono asivuke kwenda kisiwa cha pili. Konokono gani? Konokono mkubwa wa Afrika, asili yake pwani yetu ya Afrika Mashariki, anayetafuna mazao ya watu. Tulipoelezwa, tulitazamana wanne wote, na Mkisii akasema huyu ametutangulia bila visa.

Savai'i ni mawe meusi. Mlima Matavanu ulitema moto kuanzia 1905 mpaka 1911, na kule Saleaula unaingia ndani ya kanisa ambalo lava iliingia ikaganda sakafuni. Upande wa kusini, Alofaaga, mawimbi yanapita chini ya mwamba na kuruka juu kupitia matundu. Mzee mmoja anatupa kifuu tunduni na bahari inakirusha angani. Mlipe, anastahili. Usisogee karibu kama yeye, maana anajua wimbi lipi ni lipi.

Jamaa wa Lubumbashi aliyaona hayo akichechemea. Siku moja maji yalipopwa alitembea peku juu ya matumbawe, yakamchana unyayo. Alisema ni mkwaruzo. Kidonda cha matumbawe kina vipande vidogo vinavyobaki ndani, na kwenye joto lile kinaoza upesi. Nilipokiona kilikuwa kimevimba na chekundu mpaka kifundoni. Nilikisugua kwa maji safi na dawa akipiga kelele za kuamsha kijiji, halafu tukampeleka hospitali akapewa vidonge. Viatu vya maji ni bei ndogo; dawa ya vidonda na bendeji viwe mfukoni, si mjini. Na kabla ya kuogelea uliza mlango wa mwamba, yaani pale mwamba wa matumbawe ulipokatika, uko wapi. Maji yakipwa yote yanatokea hapo, na yanamchukua mtu nayo hata kama anajua kuogelea.

Kurudi, badilisheni tala au zimalizeni Faleolo, kwa sababu nje ya Samoa hazina kazi. Uwanjani Auckland andikeni kwenye fomu kila kitu cha kuliwa, cha mbao, cha mbegu na cha baharini. Ukiandika wanakagua na mara nyingi wanakuachia. Ukificha ni faini ya dola 400 papo hapo. Kakao yangu ilipita. Jamaa alikuwa amebeba ua la shada alilovishwa siku ya kuondoka, akaliacha kwenye pipa.

Tukiwa bado tunasubiri mizigo, dada wa Bujumbura alitutumia hesabu yote kwenye simu, mstari kwa mstari, na baki la kila mmoja. Jamaa wa Lubumbashi mpaka leo anapinga bia mbili.